Maneno Aliyofundishwa na Mama Fundi

Siku alipomtia machoni Mama Fundi kwa mara ya kwanza, yule bwana alikuwa amesimama nje ya duka la dobi kwa muda mrefu kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu wanaosema Kiingereza, na alikuja kuomba kazi. Alivaa koti la suti, la pekee alilokuwa nalo, na njia nzima alikuwa akijifunza kwa moyo sentensi moja ya Kiingereza. Mlango ulipofunguka, mvuke ukampiga usoni, sentensi ikayeyuka.

Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mnene, kitambaa kichwani, mikono imekomaa kwa pasi, pini mbili kazibana midomoni. Akamsalimu kwa Kiingereza. Bwana yule akatoa macho.

“Samahani,” akaropoka kwa Kiswahili, maana ndilo neno lililokuwa karibu.

“Haa! Kumbe tunasikilizana,” alisema mwanamke, akatoa pini mdomoni. “Karibu. Umeleta koti?”

Kwa aibu akashindwa kutaja kazi. Akasema ndiyo. Akavua koti, akakabidhi, akapewa kikaratasi cha namba, akatoka na shati jepesi kwenye baridi, huku akijilaani kila hatua.

Aliporudi kulichukua, koti lilikuwa limenyooshwa hadi likaonekana la mtu mwingine. Mwanamke akaweka kiganja juu yake, hakuliachia.

“Hili koti lilikuwa safi. Hakuna mtu anayeleta koti safi kwa dobi. Ulikuja kutafuta nini, mdogo wangu?”

“Kazi.”

“Ukashindwa kusema?”

“Nilishindwa, Dada.”

Alicheka hadi akashika ukingo wa kaunta. Kisha akaingia ndani kumwita mwenye duka, akamsemea yeye mwenyewe, kwa Kiingereza cha haraka, kana kwamba anamwombea ndugu wa damu. Kazi ikapatikana: kubandika namba kwenye mashati na kukaa kaunta. Tangu siku ile hakuitwa jina lingine humo ndani. Akawa Mteja.

Mteja alikuwa mtu wa makamo, shule aliiachia darasa la saba, na mdomo wake ulikuwa mzito hata katika lugha aliyonyonya. Mama Fundi alikuwa kinyume chake. Alisimama kwenye mashine ya pasi ya mvuke toka asubuhi, mguu kwenye kanyagio, akiongea na makola ya mashati kama watoto watukutu. “Lala hapo wewe. Unainuka unakwenda wapi?” Aliitwa Mama Fundi kwa sababu ya mwanawe wa pekee, fundi wa mafriji, kijana mrefu wa miaka ishirini na kitu. Kila aliposema “mwanangu ni fundi,” alinyoosha mgongo kidogo, hata kama alikuwa amebeba mashuka ya kitanda kizima.

Fundi alipita dukani mchana akiwa na kazi maeneo yale, akala na mama yake nyuma, kwenye meza ya kukunjia nguo. Mteja alimwita “mjomba,” naye Fundi akamrudishia hivyo hivyo, na watu hawa watatu wakawa familia bila mtu kutangaza.

Tatizo la Fundi lilikuwa mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na bisibisi, spana, vipande vya bomba la shaba na mtungi mdogo wa gesi, na kwa macho ya polisi, kijana mweusi mwenye mkoba kama ule hakuwa fundi, alikuwa mwizi ambaye bado hajafika anakokwenda. Askari wawili wa doria walimjua kwa sura na bado walimsimamisha. Mmoja alikuwa mtu mzima, Mzungu, shingo nyekundu, mcheshi wa ucheshi mbaya. Mwenzake alikuwa kijana, maji ya kunde, nywele za mawimbi, mkimya.

“Gesi hii ya nini?”

“Ya friji, afande.”

“Friji liko wapi?”

“Kwa mwenye friji.”

Kwa jibu kama hilo alisimamishwa ukutani hadi mwenye friji akampigia fundi mwingine.

Jioni moja walikuwa wakienda kituo cha basi wote watatu. Askari wale wakawasimamisha, mkoba ukamwagwa barabarani, skrubu zikabingirika hadi mtaroni. Yule mtu mzima akaongea kwenye redio, akamtaja Fundi kwa neno ambalo Mteja hakulijua. Mama Fundi alikuwa amepiga magoti anaokota skrubu. Akainua kichwa.

“Samahani, afande,” akasema, kwa adabu kabisa. “Neno hilo kwa mwanangu, hapana. Sema mwanamume mweusi. Au msome jina, kitambulisho si unacho mkononi?”

“Unanifundisha kazi, mama?”

“Kazi unaijua. Ni neno tu.”

Askari akacheka. Yule kijana mkimya akatazama viatu vyake.

“Mama, twende,” alisema Fundi kwa sauti ya chini.

“Twende wapi, na spana zako ziko chini? Okota, mwanangu. Mteja, angalia pale mtaroni.”

Ndivyo alivyokuwa. Kila waliposimamishwa alisahihisha, na hakuna aliyewahi kumwona akipandisha sauti. Mteja alipomuuliza ujasiri ule kautoa wapi, alijibu akiwa amekanyaga pasi, mvuke ukimfunika nusu. Mwaka wake wa kwanza katika nchi ile alifanya usafi kwenye shule. Kulikuwa na mwanamke mwenzake waliyefagia naye, waliyegawana naye chai, na siku moja Mama Fundi akamwita kwa neno alilolisikia mtaani, akidhani ndilo jina la kabila lake. Mwenzake aliweka kikombe chini, hakunywa naye tena mpaka alipohama.

“Nililia kama mjinga. Sikuwa na ubaya hata chembe. Lakini yeye alikuwa ameumia, na ubaya wangu kutokuwepo haukumpunguzia kitu. Basi nikaanza kuuliza. Hili linafaa? Na hili? Sasa mimi niliyejifunza kwa machozi, afande ashindwe kujifunza kwa mshahara?”

Kisha ikaja ile siku.

Ilikuwa mchana, jua kali, duka halina watu. Mama Fundi alikuwa nyuma kwenye mvuke. Mteja alikuwa kaunta, na mbele yake kulikuwa na kioo kikubwa cha duka kinachotazama barabara. Alimwona Fundi akivuka, mkoba begani. Akawaona askari wawili wakimkatia njia, hapo hapo mbele ya kioo.

Aliona yote, maana alizoea kutazama kuliko kusema. Fundi aliweka mkoba chini mwenyewe na kuufungua kabla hajaambiwa. Yule askari kijana akasema kitu, Fundi akajibu, askari akamshika ukosi. Fundi akainua viganja vyote viwili. Askari akamsukuma kwa nguvu. Kisigino cha Fundi kikanasa kwenye mkoba, akaenda chali, na mkono wake, ukitafuta pa kushika, ukamparaza askari shavuni.

Walimrukia wote wawili. Mama Fundi alipotoka mbio, mwanawe alikuwa tayari ndani ya gari, na barabarani kumebaki mkoba na kiatu kimoja.

Shtaka lilikuwa kumpiga askari. Kifungo chake ni miaka, na aliyefungwa kwa kosa hilo hurudishiwa kila kitu isipokuwa leseni ya ufundi. Kamera ya duka ilitazama droo ya pesa, si barabara. Wapita njia walipita. Mtu pekee aliyeona kwamba msukumo ulitangulia mkono alikuwa Mteja, ambaye aliwahi kuacha koti lake kwa kushindwa kusema neno moja.

Alipiga moyo konde. Alasiri ile ile alikwenda kituo cha polisi peke yake, kabla hofu haijamwahi. Akapewa kiti, na askari mwanamke akakaa mbele yake na kalamu. Waliendelea vizuri. Alieleza mkoba, alieleza viganja juu.

“Kati ya askari wawili, nani alimsukuma?”

Hakuwajua majina. Akatafuta neno, akalipata, na hata akafurahi kidogo kwamba analo, maana lilikuwa la Kiingereza halisi.

“Yule hafukasti,” akasema.

Alikokulia neno hilo lilisemwa mchana kweupe. Watoto waliitwa hivyo mbele ya mama zao na mama wakatabasamu. Hata ilikuwa sifa. Hakuwahi kumsikia mtu akilikasirikia.

Kalamu ikasimama. Yule mwanamke akamtazama kama mtu aliyetemea mate meza. Akasema maneno machache makavu, ambayo Mteja alielewa moja tu, “hapa.” Mengine akakisia: si hapa. Akaandika mstari, akamgeuzia karatasi atie sahihi, akanyanyuka. Mahojiano yakawa yameishia hapo, kabla hajafika kwenye mkoba ulionasa kisigino.

Alirudi dukani akamsimulia Mama Fundi neno kwa neno. Alipofika kwenye lile neno, Mama Fundi akakaa chini polepole, juu ya kapu la mashuka machafu.

“Ulisema hivyo? Kituoni?”

“Ni tusi, Dada?”

“Kwa Kiingereza ni tusi. Ni kumwambia mtu wewe ni nusu, umeharibikia njiani. Mtu mwenye wazazi wa asili mbili, wenyewe wanasema ‘mixed race.’” Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. “Kwa nini hukuniuliza kwanza, mdogo wangu?”

“Ningeuliza vipi? Sikujua kama sijui.”

Hakumgombeza. Mteja angependa agombezwe. Aliiacha mashine nyuma yake ipumue bure, kisha akainuka.

“Sawa. Kesi bado. Utasimama mbele ya hakimu na utasema vizuri. Tunaanza leo.”

Wakaanza. Kila mteja wa kweli alipotoka mlangoni, Mama Fundi aliuliza toka kwenye pasi.

“Aliyetoka ni nani?”

“Mzungu.”

“Hicho Kiswahili. Kwa Kiingereza?”

“White man.”

“Vizuri. Na kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo alikuwa nani?” Mteja alichanganyikiwa. “Alikuwa huyo huyo!”

“Hukuona masharubu? Masharubu kama ufagio! Anza na masharubu. Hakimu akishamtambua mtu kwa masharubu, rangi yake ya nini?”

Alimfunza kwamba “Black” ni neno la heshima likifuatwa na mtu, mwanamke, daktari, na si kusema tu “weusi” kama unahesabu mbuzi. “Coloured,” yaani mwenye rangi, aliyoisoma darasa la sita, ilifutwa. “Kuna nchi wenyewe wanajiita hivyo, ni haki yao. Hapa usiliguse.” Mzee mmoja aliyeleta mashati ya hariri, waliyemwita Mhindi siku zote, babu yake hakuzaliwa India wala baba yake, na alijiita “South Asian”; Mama Fundi alijua kwa sababu alimuuliza, naye mzee alifurahi kuulizwa.

“Dada, na ukikosea?”

“Unasema samahani, unasema lililo sahihi, unaendelea. Usianze kulia. Ukilia, yeye ndiye atakayekubembeleza.”

Fundi alikuwa nje kwa dhamana. Wenye mafriji hawakumpigia tena. Alikaa kwenye kigoda karibu na kaunta, mikono mapajani, akisikiliza masomo yale, na mara nyingine alitania.

“Mjomba, siku hizi unaongea Kiingereza kuliko mimi. Nikifungwa nitakuachia vyeti vyangu.”

“Hufungwi,” alisema Mama Fundi toka ndani, haraka mno.

Lililomshinda Mteja kulimeza ni hili: kwa nini wamtafutie heshima askari aliyewaumiza? Siku moja alimuuliza waziwazi. Mama Fundi alizima pasi, jambo asilolifanya katikati ya kazi.

“Kwa sababu nataka wamtazame alichofanya, si alivyozaliwa. Ukimtukana, watamwonea huruma yeye. Mwanangu hatabaki na wa kumwonea huruma.”

Siku ya kesi Mteja alivaa lile koti. Karani alimuuliza kama anahitaji mkalimani. Angejibu ndiyo, lakini mkalimani hakuwepo, ingebidi aitwe, watu wasubiri, na yeye katika maisha yake hakuwahi kutaka watu wasubiri kwa ajili yake. Akasema hapana. Isitoshe, alijikaza kisabuni kwa majuma mengi ili Mama Fundi, aliyekaa benchi la nyuma na kitambaa kipya kichwani, amsikie.

Na alisema. Sauti ilitetemeka mwanzoni, ikatulia. Wakili wa Fundi aliuliza, yeye akajibu: mkoba, viganja, ukosi. Nani alimsukuma? “Yule askari mrefu zaidi, kijana, mwenye nywele za mawimbi. Officer wa mixed race.” Akaeleza kisigino, akaeleza mkono ulivyotafuta pa kushika. Alipomtupia macho Mama Fundi, alimwona ameweka kiganja kifuani.

Mwendesha mashtaka akainuka. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusubiri. Akauliza kama ni kweli kwamba siku ya tukio, kituoni, shahidi alimwita askari huyu jina la kudhalilisha. Akalisoma.

“Ni kweli,” alisema Mteja. “Samahani. Sikujua.”

“Leo unajua?”

“Leo najua.”

“Na siku ile hukueleza habari ya kisigino kunasa kwenye mkoba. Leo umeeleza. Nani amekufundisha?”

Mteja hakuona shimo. Aliulizwa swali la kweli, akatoa jibu la kweli, tena kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi anayemtaja mwalimu wake.

“Dada.”

“Dada yako ni nani?”

Akanyoosha mkono kwenye benchi la nyuma.

“Mama wa mshtakiwa,” alisema mwendesha mashtaka, na akakaa.

Hapo ndipo Mteja alipoelewa. Akataka kusema kwamba alichofundishwa ni namna ya kuwaita watu tu. Kwamba kisigino alikiona kwa macho yake mwenyewe. Kwamba siku ile kituoni yule mwanamke alinyanyuka kabla hajamaliza. Yote hayo yalikuwapo kichwani, kwa Kiswahili, yamejipanga safi. Lakini Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha masharubu na nywele na asili za watu. Hakuna aliyemfundisha Kiingereza cha kujitetea. Akafungua mdomo, akasema, “Macho yangu. Macho yangu.” Hakimu akamwambia anaweza kushuka.

Wakili alijaribu kurudi pale pale, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Katika hukumu, hakimu alisema shahidi huyu alianza na chuki juu ya asili ya askari na akamaliza na ushuhuda wa kufundishwa, na kwa hali yoyote kati ya hizo hawezi kumtegemea. Fundi akapewa miaka mitatu. Alipochukuliwa aligeuka, akasema, “Mjomba, mwangalie mama,” na mlango wa pembeni ukafungwa.

Kwenye ukumbi wa nje askari wale wawili walipita. Yule kijana hakuwatazama. Damu ilimpanda Mteja, mtu ambaye hakuwahi kumpandishia sauti hata mbwa, na akalitema lile neno nyuma ya mgongo wa askari, kwa sauti, akijua sasa maana yake.

Mama Fundi alimshika mkono kwa nguvu iliyomwachia alama.

“Usithubutu. Kamwonea mwanangu, nitamdai hilo mpaka nife. Lakini mama yake hakumzaa nusu.” Hakumwachia mkono. “Usiniharibie na hilo, Mteja. Sina kingine kilichobaki.”

Walirudi kwa basi.

Gereza lilikuwa mji wa mbali, siku nzima njiani, na saa za kutembelea zilikuwa fupi. Mama Fundi alikwenda na kurudi mara chache, kisha akafunga virago, akahamia kule kule. Alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Siku ya kuondoka alimwonyesha Mteja jinsi ya kukanyaga pasi bila kuunguza hariri, akamfunga aproni yake kiunoni, akampangusa vumbi begani, akaondoka na sanduku moja.

Walipigiana simu Jumapili. Mwanzoni sauti yake ilikuwa na nguvu. Alisimulia Fundi anavyokonda, wenzake kule kufulia mashuka wanavyomtania kwa kuongea na foronya. Walinzi wa geti la gereza walikuwa na majina yao ya kuwaita wageni, na Jumapili za kwanza alisimulia alivyowasahihisha, na walivyomlipa kwa kumweka mwisho wa foleni hadi saa ya kutembelea ikaisha akiwa nje. Jumapili zilizofuata hakusimulia. Mteja aliogopa kuuliza. Alizungumzia pasi, mvuke, yule mzee wa mashati ya hariri anayemsalimia.

Kisha Jumapili moja simu ilipokelewa na sauti nyingine, ya mwanamke waliyefanya naye kazi, akamwambia kwamba Mama Fundi alianguka kazini, presha, na hakuamka. Fundi alikuwa bado ndani. Hawakumruhusu kutoka kumzika.

Kwa hiyo mazungumzo ya Jumapili ya kabla yake ndiyo yakawa ya mwisho. Siku hiyo Mteja alijitia moyo, akamuuliza kama bado anawasahihisha wale walinzi. Halafu akamsikia akivuta pumzi.

“Nimeacha, mdogo wangu. Waniite wapendavyo, mradi wanifungulie mlango nimwone.”